Darasa la jioni la hesabu Mtwara Mjini: kutoka sehemu na namba mchanganyiko hadi asilimia

Mjini Mtwara, upande wa Chikongola, kuna darasa la jioni la hesabu kwa watu wazima ambalo halina kibao wala jina, na wanaolifahamu huliita tu darasa la mwalimu. Anayelifundisha ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Wanaohudhuria ni makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, wasaidizi wa maghala, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, akina mama wauza vitenge, na wazazi wachache waliochoka kuwaambia watoto wao wasubiri kaka mkubwa arudi awaelekeze hesabu. Masomo yamegawanywa kwa awamu, na kila awamu hushika mada moja. Mimi nimesoma awamu ya kubadili sehemu na namba mchanganyiko (namba kamili iliyoambatana na sehemu, kama 2 na 1/4) kuwa asilimia, kwa hiyo tathmini hii inaihusu awamu hiyo peke yake. Awamu za riba na za vipimo sitazisemea.

Kilichonivutia mapema ni kwamba kanuni haitangulii. Mwalimu anaandika 3/8 ubaoni, kisha kabla hajamruhusu mtu yeyote kushika kalamu anauliza kama kiasi hicho kimevuka robo, na kama kimefika nusu. Darasa likishakubaliana kwamba 3/8 ni zaidi ya 2/8, ambayo ni robo, na ni pungufu ya 4/8, ambayo ni nusu, basi jibu limekwishafungiwa kati ya asilimia 25 na asilimia 50, na mtu atakayeleta 3.75 au 375 atajua mwenyewe kwamba kuna mahali nukta imeteleza. Zoezi hili linaonekana dogo, na wiki ya kwanza wengine walilinung'unikia kwa kuwa walikuja kutafuta njia ya mkato. Kwa maoni yangu ndilo linalostahili ada yote, kwa sababu mtu anayeujua ukubwa wa jibu lake kabla ya kukokotoa hadanganyiki kwa urahisi, awe anakokotoa kwa mkono au kwa mashine.

Hatua inayofuata ni ya asili, yaani namba ya chini ya sehemu. Asili ikiwa 2, 4, 5, 10, 20, 25 au 50, inaingia katika 100 bila baki, na kazi inakuwa ya kutafuta sehemu iliyo sawa yenye asili 100: 7/20 ni 35/100, yaani asilimia 35, na 9/25 ni 36/100, yaani asilimia 36. Namba 8 haiingii katika 100 bila baki, lakini inaingia katika 1,000 mara 125, kwa hiyo 3/8 ni 375/1,000, sawa na 37.5 kwa mia. Mwalimu anaeleza vizuri kwamba asili iliyojengwa kwa namba tasa 2 na 5 pekee hutoa desimali inayokoma, ilhali asili iliyorahisishwa kikamilifu ikabaki na 3, 7, 11 au namba tasa nyingine ndani yake hutoa desimali inayojirudia bila mwisho. Hapo ndipo anapoingiza njia inayofaa kwa sehemu zote, ya kuzidisha kwa 100%, na anasisitiza kwamba alama ya asilimia iandikwe tangu mwanzo wa mstari. Sababu yake ni nzuri: 100% ni 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadili thamani, ilhali anayeandika 3/8 × 100 bila alama amekwishaifanya sehemu kuwa kubwa mara mia, kisha anaibandika alama mwishoni kwa mazoea.

Sehemu ngumu ni zile za theluthi na jamii yake, na hapo ndipo darasa lilipofika kilele kwa somo ambalo sikulitarajia, la mirathi. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye Waislamu wengi, na mafungu ya urithi wengi wetu tumeyasikia tangu utotoni, hivyo mfano ulieleweka kabla haujamalizika kuandikwa. Marehemu ameacha mke, mama, baba na watoto wa kiume na wa kike. Madeni na wasia vikishatolewa, mke ana thumuni, yaani 1/8, mama ana sudusi, yaani 1/6, baba ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, mtoto wa kiume akipata mafungu mawili na wa kike moja. Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24, kwa hiyo mke ana 3/24, mama 4/24, baba 4/24, na watoto wanabakiwa na 13/24. Kwa asilimia, mke ana 12 na 1/2, mama 16 na 2/3, baba 16 na 2/3, na watoto 54 na 1/6. Ukizijumlisha unapata 100 kamili.

Mwalimu alifuta majibu hayo na kuligawa darasa pande mbili. Upande mmoja uliendelea na sehemu, na mwingine uliambiwa uandike asilimia hizo kwa desimali moja kama zinavyoandikwa katika taarifa nyingi za ofisini: 12.5, 16.7, 16.7 na 54.2. Jumla yake ni 100.1. Kisha akataja mali yenyewe, shilingi 12,000,000, na upande wa desimali ukagundua kwamba umegawa shilingi 12,012,000. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mvuvi wa Mikindani, aliuliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo elfu kumi na mbili ya juu anaitoa nani?" Darasa lilicheka, lakini swali lake lilikuwa ndiyo maana ya somo zima. Asilimia yenye sehemu ndani yake, kama 16 na 2/3, inaonekana ya kizamani na haipendezi kwenye jedwali, lakini ndiyo iliyo kamili, na kukadiria kwa desimali kunapaswa kungoja hadi mstari wa mwisho, baada ya kuzidisha na kugawanya kote kumalizika. Nimewahi kuona vitabu vya kiada vinavyosema hivyo kwa maneno. Sikuwahi kuona mtu akiithibitisha hoja hiyo kwa fedha ambazo hazipo.

Namba mchanganyiko zilichukua muda mrefu zaidi, na ilistahili. Mwalimu aliweka mezani pishi na kibaba vya bati, vya aina ambayo bado inatumika vijijini kupimia nafaka. Pishi moja ni vibaba vinne, hivyo kibaba ni robo ya pishi, yaani asilimia 25 yake. Pishi mbili na kibaba kimoja ni 2 na 1/4. Swali likawa: ikiwa pishi moja iliyojaa ni asilimia 100, huu mtama wote ni asilimia ngapi ya pishi? Mama mmoja mwenye duka alijibu 25 kwa haraka, na mwalimu akamuuliza, "Sasa mama, zile pishi mbili nzima umemwachia nani?" Mwingine akasema 2.25, na huyo alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa 2.25 ndiyo desimali ya namba hiyo; alichosahau ni kwamba desimali bado haijawa asilimia mpaka izidishwe kwa 100%. Jibu ni asilimia 225, na lilipatikana kwa njia mbili ubaoni. Ya kwanza inaigeuza namba mchanganyiko kuwa sehemu guni, yaani ile ambayo namba yake ya juu inazidi ya chini, 9/4, kisha inazidisha kwa 100%. Ya pili inatenganisha: 2 kamili ni asilimia 200, robo ni asilimia 25, jumla 225.

Mwalimu anapendelea njia ya sehemu guni kwa kuwa haibagui. Mimi nimebaki na ile ya kutenganisha, hasa namba zinapokuwa na theluthi ndani yake. Chukua 3 na 5/6. Kwa sehemu guni ni 23/6, ukizidisha unapata 2,300 kugawanya kwa 6, na mtu asiyeuzoea mgawanyo mrefu anaweza kupotelea humo. Kwa kutenganisha, 3 ni asilimia 300 bila kushika kalamu, 5/6 ni 83 na 1/3, na jibu ni asilimia 383 na 1/3. Kuna faida nyingine ambayo darasani haikusemwa wazi: njia ya kutenganisha humkumbusha mtu kila mara kwamba namba mchanganyiko yoyote iliyo chanya lazima itoe asilimia inayozidi 100, na kwa hiyo jibu lililo chini ya hapo halihitaji hata kuhakikiwa, ni la kufutwa.

Wengi darasani walishtushwa na wazo lenyewe la asilimia inayozidi 100, kwa kuwa walilelewa na alama za mitihani, ambazo haziwezi kuzidi. Maelezo aliyoyatoa mwalimu yalitosha kuwatuliza, ila aliwahi mno kuondoka hapo. Bei ya kilo ya ufuta ikipanda, kwa mfano, kutoka shilingi 1,600 hadi 3,600, bei mpya ni 2 na 1/4 ya ile ya zamani, yaani ni asilimia 225 yake. Ongezeko, hata hivyo, ni shilingi 2,000, ambayo ni asilimia 125. Kusema kwamba bei "imepanda kwa asilimia 225" ni kosa linalosikika kila siku, na kwa mkoa ambao watu wake hufuatilia minada kuliko wanavyofuatilia mpira, tofauti hiyo ilihitaji jioni nzima. Ilipewa dakika chache kabla ya magharibi.

Kuhusu vikokotoo, nilikwenda nikidhani mwalimu wa umri wake atavipiga marufuku. Badala yake alivikusanya vyote mezani, vya dukani, vya wanafunzi wa sekondari na vya kwenye simu, akatuagiza tubonyeze 2 + 1 ÷ 4 tukiwa na nia ya kupata 2 na robo. Simu na vikokotoo vya kisayansi vilitoa 2.25. Vile vya dukani vya bei nafuu vilitoa 0.75, kwa sababu vinafanya kazi kwa mfuatano wa vitufe: vinajumlisha 2 na 1 kwanza, vinapata 3, kisha vinagawanya kwa 4. Mwenye duka anayekitegemea kikokotoo cha aina hiyo ataandika asilimia 75 mahali pa 225 na hatajua. Dawa yake ni kuanza na sehemu, 1 ÷ 4 + 2, kubonyeza =, kisha kuzidisha kwa 100, mpangilio unaotoa 225 kwenye mashine za aina zote. Hili peke yake lingetosha kuwaleta darasani wauzaji wa barabara nzima.

Mfano wa korosho ndio uliokuwa karibu zaidi na kazi za wengi wetu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe, uanze kutumika kwa korosho mwaka 2007, karani wa chama cha msingi amekuwa mtu wa karatasi nyingi zenye namba za kila aina, na mojawapo ni autituni, yaani ratli za kokwa safi zinazopatikana kutoka gunia la kilo 80 la korosho ghafi. Mwalimu aliuliza: gunia likiwa na autituni ya 48, kokwa ni asilimia ngapi ya uzito wa gunia? Karani kijana aliandika 48/80, akarahisisha kuwa 3/5, akatangaza asilimia 60. Hesabu yake ya sehemu ilikuwa safi kabisa, na jibu lilikuwa la uongo, kwa sababu juu kulikuwa na ratli na chini kulikuwa na kilo. Yeyote aliyewahi kubangua korosho anajua kwamba ganda ni zito kuliko kokwa, hivyo jibu linalozidi nusu lilitakiwa kutiliwa shaka palepale, kama tulivyofundishwa siku ya kwanza.

Ratli moja ni kilo 0.4536, kiasi ambacho kiko karibu sana na 5/11 ya kilo. Mwalimu alitumia 5/11 kwa makusudi: ratli 48 zinakuwa 240/11, yaani kilo 21 na 9/11, na ukigawanya kwa 80 unapata 3/11, ambayo ni asilimia 27 na 3/11. Ukitumia 0.4536 unapata asilimia 27.2. Majibu hayo mawili yametofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia, na yote mawili yanasema jambo moja, kwamba kokwa ni zaidi kidogo ya robo ya gunia. Katika mfano mmoja tulikuwa tumepita kwenye sehemu, namba mchanganyiko, desimali inayojirudia na asilimia, na tulikuwa tumejifunza kwamba sehemu haigeuki kuwa asilimia yenye maana mpaka namba ya juu na ya chini ziwe za kipimo kimoja. Mfano wa unyevu uliofuata, wa sampuli ya gramu 20 iliyopoteza gramu 1 na 4/5 baada ya kukaushwa, ulikwenda haraka: 9/5 kugawanya kwa 20 ni 9/100, asilimia 9. Maghala yana vipimo vinavyoonyesha unyevu moja kwa moja, kwa hiyo sikuona sababu ya kuukalia.

Kasoro zipo, na kubwa zaidi ni karatasi za mazoezi. Zimerudufiwa mara nyingi kutoka nakala iliyokwishafifia, na nafasi kati ya namba kamili na sehemu imefutika, hivyo 2 na 1/4 inasomeka kama 21/4. Tofauti si ndogo, kwani 21/4 ni asilimia 525. Katika somo linalohusu namba mchanganyiko, karatasi isiyoonyesha ni wapi namba kamili inaishia inaharibu kile ambacho ubao umejenga, na nimeona watu wakikata tamaa kwa kukosa maswali ambayo kwa kweli waliyajibu sawasawa kama walivyoyasoma. Gharama ya kuchapa upya kurasa chache ingefidiwa na wanafunzi wa jioni moja.

Pia darasa linachanganya watu wa viwango tofauti mno. Anayejifunza kwamba kiasi ni namba ya juu na asili ni ya chini ameketi karibu na karani anayetaka kujua namna ya kugawa makato kwa wakulima mia mbili. Mwalimu ana subira na huwapa walio mbele mazoezi ya ziada, lakini mazoezi hayo ni yaleyale yenye namba kubwa zaidi.

Safari ya kurudi, kutoka asilimia kwenda sehemu, iliachwa hadi kipindi cha mwisho na ikafanywa kwa mbio. Tulionyeshwa kwamba 12 na 1/2% ni 25/2 kugawanya kwa 100, sawa na 25/200, sawa na 1/8, na kwamba 66 na 2/3% ni 2/3. Hapo hapo palihitaji onyo kuhusu asilimia iliyo chini ya moja. Nusu ya asilimia ni 1/200, na katika shilingi 1,000,000 ni shilingi 5,000 tu. Anayeichanganya na asilimia 50 atasema 500,000. Makato mengi madogo huandikwa kwa namna hiyo, na ni rahisi kwa mkulima kutishwa nayo au kwa mjanja kujificha humo. Niliuliza swali hili mwishoni, nikajibiwa vizuri, lakini waliokuwa wamekwishafunga madaftari hawakulisikia.

Ada ni shilingi 15,000 kwa awamu, na inaruhusiwa kulipwa kwa mafungu mawili. Vipindi huanza baada ya swala ya alasiri na kumalizika kabla ya magharibi, barazani, penye upepo wa kutosha na viti vya plastiki visivyotosha, kwa hiyo anayechelewa husimama. Mzazi anayetafuta mahali pa kumwandaa mtoto kwa mtihani wa Taifa hapa hapatamfaa, kwa kuwa mwalimu hafuati muhtasari wa shule wala hafundishi mbinu za kuchagua herufi. Mwenye duka, karani au msimamizi wa mirathi ya ukoo atafaidika zaidi ya thamani ya fedha yake, mradi aje na daftari lake na asitegemee zile karatasi. Makarani wengi huacha kuhudhuria minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, na mwalimu haanzishi awamu mpya mpaka watakaporudi, hivyo anayeitaka mada hii kabla ya msimu anapaswa kujiandikisha wakati mikorosho ingali kwenye maua.